Nyavu mbili za Albinus: kwa nini wavu mmoja hautoshi?

Kalamu_ya_Risasi
Habari wakuu. Albinus, mwanaanatomia wa Leiden (Uholanzi), kwa mabamba yake (michoro ya kuchapwa) ya mifupa na misuli ya 1747, alimwekea mchoraji Jan Wandelaar nyavu mbili za kamba: mmoja mbele kabisa ya kiunzi cha mifupa, wa pili futi 4 mbele ya ule. Nikitumia wavu mmoja, umbo zima linatoka sawa nikiwa mbali, ila nikisogea kuona matundu na kingo za mifupa, uti wa mgongo unahama miraba. Wavu wa pili unatibu nini, na vipimo vyake ni vipi? Halafu, michoro ya mwanaanatomia Bidloo ya 1685 ina pini na nyuzi zilizoachwa zionekane. Ni pambo au zilikuwa na kazi?

Timazi
Kinachokusumbua ni kina. Chukua nukta iliyo sentimita 50 kando ya mstari wa katikati na sentimita 20 nyuma ya wavu. Ukiwa mita 10 kutoka kwenye wavu, utaiona inaangukia sentimita 49. Ukiwa mita 1, itaangukia karibu 42. Mfupa haujahama, jicho lako ndilo limehama.

Albinus alitaka umbo kama linavyoonekana kutoka futi 40 (futi za Rhineland, yaani mita 12 na nusu hivi), maana huko upotoshaji wa ukaribu unakuwa mdogo. Lakini huko huoni undani. Ndiyo maana wavu wa mbele ulikuwa na macho (miraba ya wavu) madogo kwa sehemu moja ya kumi. Mistari inayounganisha mafundo yanayolingana ya nyavu hizo inakutana futi 40 kutoka wavu mkubwa, upande wa mchoraji. Basi unasogea karibu, unafumba jicho moja, unapanga fundo dogo juu ya fundo kubwa lenye namba ileile, na unachochora hapo ndicho ambacho ungekiona ukiwa mbali. Ukimaliza fundo hilo, unahama kwenda linalofuata. Usisimame pale pale ukachora miraba mitatu!

Kwa chumba cha kawaida: wavu mkubwa wa macho ya sentimita 10, mdogo wa sentimita 9, mita 1 kati yao. Kituo cha jicho kinakuwa mita 10 kutoka wavu mkubwa. Kosa la sentimita 2 kwenye nafasi kati ya nyavu linasogeza kituo sentimita 20 tu, unaweza kulivumilia. Lakini macho ya wavu mdogo yakiwa sentimita 9.1, kituo kinakimbilia zaidi ya mita 11. Kwa hiyo usipime jicho la wavu mojamoja, makosa yatajumlishana. Weka alama kwenye fremu ukianzia ukingo mmoja, kisha hakikisha kwa timazi kwamba fremu zote mbili zimesimama wima na sambamba.

Kalamu_ya_Risasi
Nimeelewa. Uzi wa pamba utafaa?

Timazi
Hapana. Unalegea na kubadilika kwa unyevu. Tumia mshipi wa kuvulia, uukaze, na upake namba za mafundo rangi mbili tofauti. Mafundo yasiyo na namba huchanganyikana upesi.

Ndoano_na_Msumeno
Kuhusu Bidloo: zilikuwa na kazi. Mchoraji wake, Gerard de Lairesse, alichora kilichokuwa mezani, pamoja na vifaa vilivyokishikilia. Tishu laini hairudi mahali pake ikishakatwa, inalala. Pini hutandaza ngozi na tabaka zilizokunjuliwa, uzi huvuta msuli pembeni ili kilicho chini kionekane.

Bamba la vifaa la mwanaanatomia Vesalius (1543) lina mantiki hiyohiyo: nyembe na visu, ndoano, sindano zilizopinda, mwanzi, msumeno, nyundo. Ndoano huinua neva bila kuikata, na mwanzi hupulizia hewa viungo vyenye uwazi. Wengi huharibu kazi kwa kutegemea ncha kali kila mahali. Kutenganisha msuli na msuli, kidole au mpini bapa wa kisu ni bora, kwa sababu hufuata mpaka uliopo, ilhali makali hutengeneza mpaka mpya. Na makali yakigusa mfupa yamekwisha, yarudishe kwenye jiwe la kunolea kwanza.

Jambo moja kama unataka kuchapa: bamba la shaba hugeuza picha, kulia kuwa kushoto. Pindua mchoro kwenye karatasi ya kunakilia kabla hujagusa shaba, la sivyo ini litahamia upande wa kushoto.