Malkia Lili alikosea, au aliyatawanya mawe makusudi?

MwalimuChaki

Wakuu, kuna swali linaninyima usingizi tangu niirudie sura ya 1085 ya One Piece, ile manga (katuni ya Kijapani) ya maharamia inayochorwa na Oda. Ambaye hajafika kisiwa cha Egghead apite kando, humu ubuyu unamwagwa wote.

Mimi ni mwalimu wa Historia, nafundisha kidato cha kwanza na cha pili. Manga hii alinianzishia mdogo wangu, nami niliidharau sana. Luffy, kijana wa mikono ya mpira, inanihusu nini? Kilichoninasa ni Ohara. Kisiwa cha wasomi kinateketezwa na Serikali ya Dunia kwa kosa la kuchunguza poneglifu, yale mawe ya zamani yenye maandishi, na Profesa Clover anapigwa risasi mdomo ukiwa wazi, anataka kulitaja jina la ule ufalme wa kale. Kesho yake niliingia darasani na mada ya vyanzo vya historia. Naandika ubaoni: masimulizi, maandishi, magofu. Kila nikiandika kimoja nawaza, hiki nacho Serikali ya Dunia ingekipiga marufuku. Wanafunzi wakadhani naumwa.

Sasa swali. Karne Tupu ni ile miaka 100, kuanzia miaka 900 hadi 800 iliyopita, ambayo haina hata ukurasa mmoja. Ilipokwisha, wafalme 20 waliungana wakaunda Serikali ya Dunia. Kumi na tisa wakahamia makao yake, Mary Geoise, na familia zao, na wale mabwana wakubwa Tenryubito wanaotusumbua ni vitukuu vyao. Aliyekataa kuhama ni mmoja tu, Malkia Lili wa Alabasta, ufalme wa jangwani. Alisema anarudi kwao. Hakufika, na mdogo wake wa kiume ndiye aliyerithi kiti. Miaka 800 baadaye Mfalme Cobra wa Alabasta anakwenda kuuliza huyu bibi yetu alipotelea wapi, anakutana na Imu, mtawala wa siri, ana kwa ana, na Imu anamtupia Lili lawama zote za mawe ya poneglifu kusambaa duniani.

Mimi nasema hakukosea. Barua yake iliyofika Alabasta iliagiza mawe yalindwe, na chini yake kuna saini: Nefertari D. Lili. Imu mwenyewe anasema D ni jina la maadui waliopigana nao. Nani anakosea bahati mbaya halafu anatia saini ya adui? Halafu kumbukeni kaburi la wafalme pale Alubarna, mji mkuu wa Alabasta. Jiwe alilolisoma Robin, msomi aliyenusurika Ohara, mbele ya haramia Crocodile, akamdanganya, lilikuwa linaeleza Pluton ilipo. Silaha ya kale, na habari zake zimelazwa chini ya makaburi ya ukoo wa Lili, wakazilinda vizazi na vizazi bila hata mmoja wao kujua kuzisoma.

Tena angalieni alikuwa upande gani. Habari za masultani wa Kilwa sehemu kubwa zimetufikia kupitia kitabu cha Mreno, João de Barros, kilichochapwa 1552, na ni Wareno hao hao walioipora Kilwa mwaka 1505. Aliyeshinda ndiye anayebaki na makabrasha. Ndiyo maana naamini mtu pekee aliyeweza kuyatoa mawe yale alikuwa mshindi, tena anayekaa meza moja na washindi wenzake.

Mnaonaje?

BintiWaMtwapa

Shikamoo mwalimu. Kwenye saini niko nawe. Ila hapo kwa mawe umeteleza.

Shandora je? Robin alipofika magofu yale kule juu mawinguni aliona kwamba mji ulianguka miaka 800 iliyopita, na watu wake walikufa wakilinda jiwe lao. Maana yake walikuwa nalo kabla vita havijawafikia. Wachongaji ni ukoo wa Kozuki kule Wano. Yaonekana marafiki walikwisha kugawana mawe mapema. Sasa Lili alitawanya yapi?

Na lile jiwe la Joy Boy, mtu wa Karne Tupu, kwenye Kisiwa cha Watu-Samaki ni barua ya kuomba radhi, kamwandikia binti wa nguva wa zama zile kwa ahadi aliyoshindwa kuitimiza. Barua hiyo huwezi kuihamisha. Ukiipeleka jangwani Alabasta inakuwa kama kumtaka radhi jirani ukiwa mlangoni kwa mtu mwingine.

NusuBando

Mimi bado niko Dressrosa, nyuma huko. Nimesoma onyo, nikasoma na uzi wote. Sina wa kumlaumu. Imu ndiye nani?

BintiWaMtwapa

@NusuBando toka humu haraka.

FundiBomba_Tabata

Mwalimu, wewe unaangalia barua, mimi kazi yangu maji, acha niseme ya maji.

Ule ujumbe wa mwanasayansi Vegapunk aliourusha dunia nzima wengi walishika yale ya Joy Boy kuwa mtu wa kwanza kuitwa haramia. Mimi nilishika namba: zamani bahari ilipanda mita 200. Mita mia mbili! Dunia ile haikuumbwa visiwa visiwa, ilizama. Na Oda alikuwa anatuonyesha siku zote. Mji wa Water 7 unadidimia kila mwaka, watu wanajenga nyumba juu ya nyumba za babu zao. Nilipoiona mara ya kwanza nikajisemea huyu mchoraji kaishi mtaa wa mabondeni. Halafu Wano: kumbe ile tunayoiona ni ya juu, Wano ya kale iko chini ya maji ndani ya kuta, na Pluton iko huko huko.

Sasa kama wewe ni Lili, umekaa na waliofanya hayo na unajua maji yamepanda na yanaweza kupanda tena, utayaweka mawe yote ghala moja? Utayagawa. Jingine likae juu ya mgongo wa tembo. Zunisha anatembea baharini karibu miaka 1000, na Zou iko mgongoni kwake ina jiwe. Huyo mafuriko hayamgusi.

MwalimuChaki

Fundi, kaburi la Alubarna liko chini ya ardhi, na Kisiwa cha Watu-Samaki kiko mita 10,000 chini ya bahari. Nadharia yako imevuja hapo.

FundiBomba_Tabata

Aliyeko mita 10,000 chini, ukimwongezea 200 zitamfanya nini?

MwalimuChaki

Hahaha, hiyo nimeipokea.

Binti, marahaba. Shandora umenishika, nakiri. Nilikuwa nayahesabu mawe yote kama kitu kimoja. Ila nililala nikiiwaza ile hoja yako ya barua isiyohamishika, na nahisi imenisaidia kuliko ilivyoniumiza.

Mawe si ya aina moja. Yapo ya kuwekwa mahali pake, kama la Joy Boy. Yapo pia yale mekundu manne. Kila moja linataja pointi moja kwenye ramani, na zikikutana nne ndipo unaipata Laugh Tale, kisiwa cha mwisho. Pointi imeandikwa ndani ya jiwe, kwa hiyo jiwe lenyewe hata likae wapi haliharibiki. Ndiyo maana haramia Big Mom alikuwa nalo moja nyumbani kwake, mwenzake Kaido lingine, na yule mtu mwenye kovu la moto anatembea na la nne, na bado ramani ni ile ile. Mtu aliyebuni hivyo alijua mawe yatahamishwa. Hata kuibwa.

Kwa hiyo napunguza dai langu. Simpi Lili yote. Nampa yale yanayohamishika, yaliyokuwa yamebaki mikononi mwa washindi baada ya vita. La Shandora nakuachia wewe.

Na kuna tukio moja la Mary Geoise ambalo siwezi kuliacha. Imu chumbani na picha. Ya Luffy imechanwa, ya haramia Blackbeard imechanwa, ya Shirahoshi, binti wa nguva, imechomwa kisu. Ya Vivi, binti wa Cobra, kaishika mkononi, nzima. Vivi ni damu ya Lili. Mtu aliyekuharibia mpango kwa uzembe unamsahau baada ya miaka michache. Huyu miaka 800 haijatosha.

BintiWaMtwapa

Au alimpenda, mwalimu.

MwalimuChaki

Au alimpenda. Hilo nalo halipunguzi makusudi, linayafanya mabaya zaidi.

FundiBomba_Tabata

Mnaanza tamthilia ya Kituruki sasa.

NusuBando

Wiki tatu nimekimbia, bando limeisha mara mbili. Nimefika hapo. Picha nimeziona. Lakini mbona hakuna aliyetaja ile kofia kubwa ya ukili iliyohifadhiwa kwenye baridi kule Mary Geoise? Kichwa cha kuivaa hicho ni cha nani?

MwalimuChaki

@NusuBando karibu. Vuta kiti, nina madaftari 80 ya kusahihisha na sina hamu nayo.