Nyara za uwindaji: je, nchi za nje zizipige marufuku kabisa?

Mada ninayoileta ni hii: mgeni aliyewinda kihalali barani Afrika, aruhusiwe kurudi kwao na pembe, ngozi au fuvu la mnyama aliyemuua? Ufaransa ilikataa nyara za simba mwaka 2015, miezi michache baada ya simba maarufu aliyeitwa Cecil kuuawa na mwindaji mgeni karibu na Hifadhi ya Hwange nchini Zimbabwe, na Ubelgiji ikapitisha sheria pana zaidi mwaka 2024. Mimi napinga marufuku ya jumla.

Nyara haivushwi mpaka kiholela. Chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ulioanza kutumika mwaka 1975, nyara ya chui huhitaji kibali cha nchi inayoipokea kwanza, ndipo nchi inayoitoa itoe chake. Pembe ya ndovu hugongwa alama ya nchi, mwaka, namba na uzito wake kwa kilo. Tanzania hairuhusu kuwindwa kwa simba dume wa chini ya miaka 6, na meno na fuvu hukaguliwa baadaye ili umri ukadiriwe. Kwa hiyo fuvu hilohilo ambalo wengi huliona kuwa pambo la majivuno ndilo ushahidi unaoweza kumtia hatiani aliyeliwinda.

Lakini hoja yangu kubwa ni ardhi. Vitalu vingi vya uwindaji ni pori kavu lenye mbung'o, lisilo na barabara ya maana, ambako mtalii wa kupiga picha haendi. Mapato ya uwindaji yakikatika, pori hilo halibaki tupu likisubiri wafadhili, bali huingiwa na mashamba, mifugo na tanuri za mkaa. Kenya ilifunga uwindaji mwaka 1977, na wanyamapori wake wamepungua sana tangu hapo kwa sababu hizohizo za ardhi.

Nakubali kwamba mara nyingi fedha huishia njiani kabla ya kufika kijijini, na jambo hilo linaniuma kuliko picha yoyote ya mwindaji na bunduki yake. Namibia imeonyesha njia nyingine: tangu sheria ya mwaka 1996, jumuiya za vijijini zenyewe huingia mikataba na kampuni za uwindaji, zikapokea malipo na nyama moja kwa moja. Kwa nini nchi inayopokea nyara isidai uthibitisho wa malipo hayo kabla ya kutoa kibali?

Simba wanaozalishwa ndani ya uzio ili wapigwe risasi ni suala jingine. Marekani ilikataa nyara zao kutoka Afrika Kusini mwaka 2016, na hapo naiunga mkono bila kusita, kwani mnyama yule halindi pori lolote.

Ninaowaomba wajibu ni wale wanaotaka marufuku kamili: mshahara wa askari wa wanyamapori katika kitalu kilichofungwa atalipa nani, na mkulima ambaye tembo wamemmalizia mahindi atafidiwa kutoka mfuko gani?