Grupu ya familia: beni ya harusi ya Zai

Zai: Shikamooni wote. Watu wa upande wa bwana harusi wanauliza ile jioni ya kumsindikiza tutakuwa na didjei ama nini, niwajibu aje

Mjomba: Marahaba mwanangu. Waambie tunaleta beni. Matarumbeta na ngoma kubwa, watu wapange mistari watembee kwa miguu kutoka msikitini hadi mlangoni kwa bibi harusi

Juma: Mjomba lakini beni si ni magwaride tu ya mkoloni tuliiga? Yunifomu, vyeo, kutembea kushoto kulia

Mjomba: Hapo Juma nakukatalia kabisa. Neno ndilo la kizungu, bendi ikawa beni, ila walichotia ndani ni cha kwetu. Ilianza pwani miaka ya 1890, Mombasa na Lamu, na watu walikuwa wameshaona bendi kitambo, sultani Barghash alikuwa na yake Unguja, halafu kulikuwa na Freretown, mkienda Mombasa si huwa mnapita hapo Kengeleni, basi hicho kijiji wamishonari wa Kiingereza wa CMS walikianzisha 1875 cha watumwa waliokombolewa na wao wakawa na bendi yao ya matarumbeta. Hebu fikiria mtu ametolewa jahazini hana mama hana ukoo hata jina amepewa jipya, miaka inapita unamwona barabarani amevaa nguo safi anapuliza tarumbeta na watu wanatoka nje kumtazama. Mimi hiyo hunigusa sana

Shangazi: Kweli kaka. Na Lamu beni ilikuwa mashindano ya mtaa kwa mtaa, Mkomani na Langoni, nyanya alikuwa akituambia mkishindwa kwa nyimbo mnawashinda kwa karamu, watu wanachinja mpaka wanabaki na madeni

Juma: Sasa hivyo vyeo vilikuwa vya nini, kingi, kanali

Mjomba: Vilikuwa kazi! Kila beni ilikuwa chama, kingi ndiye mkubwa wake, chini yake wako kina kanali na kapteni, hadi daktari alikuwepo. Ukiugua wenzako wanakuja kukuona, ukifa wanachanga sanda wanakuzika. Mtu amefika mji wa watu peke yake, beni yake ndio ndugu zake. Hao walikuwa wanatengeneza ukoo pale ambapo hakuna, usiite hiyo kuiga

Juma: Sawa hiyo sikujua. Na huku bara ilifikaje

Mjomba: Vita ya kwanza ya dunia, ya 1914. Askari wa KAR, jeshi la Mwingereza huku kwetu, walitembea nayo, na wale wapagazi wa Carrier Corps ambao jina lao ndio hiyo Kariokor yetu ya Nairobi tunashukia matatu kila siku. Na ajabu ni kwamba askari wa Mjerumani upande wa pili nao walikuwa wanacheza beni hiyohiyo. Tanganyika zikakua mbili kubwa, Marini na Arinoti, mji ukiwa na moja lazima na nyingine iwepo. Ikashuka hadi Malawi, huko matarumbeta ya shaba hakuna, wakachukua vibuyu wakabandika utando wa buibui ndio sauti itetemeke, wanaita malipenga mpaka leo

Shangazi: Hao wapagazi wengi hawakurudi jameni, makumi ya maelfu, njaa na maradhi kuliko hata risasi. Mimi nikipita zile sanamu tatu za kuwakumbuka wao na askari, Kenyatta Avenue, lazima nisimame kidogo

Zai: Aki Shangazi umenifanya nilie na niko kazini

Mjomba: Ndio maana nataka Zai atolewe na beni. Baba yetu alipiga ngoma kubwa hapa Pumwani harusi ngapi, mimi nikiwa mdogo nabeba fimbo zake nyuma ya mstari, nikisikia ule mdundo hadi leo nasikia kama anakuja

Juma: Mjomba nisamehe, nilisema bila kujua. Mi nitabeba bendera mbele

Mjomba: Hujakosa mwanangu, umeuliza. Ila bendera inataka mtu wa kunyoosha mgongo, njoo Jumapili tufanye mazoezi

Zai: Basi nawajibu ni beni. Matarumbeta mangapi niwaambie

Mjomba: Mawili, na zumari moja. Ngoma ya baba ngozi ilipasuka, iko kwa fundi, amesema Alhamisi

Shangazi: Mimi kofia nyeupe nashona. Kila mtu atume saizi ya kichwa leo, si kesho