Mjadala: Pesa imekauka mjini. Tununue nyumba sasa au tuendelee kupanga?

Mpangaji wa Donholm

Habari zenu wapendwa. Naomba mnisaidie kukata shauri, na wa kunikosoa pia wakaribie.

Mimi na mume wangu tunapanga Donholm hapa Nairobi, vyumba viwili, kodi shilingi 32,000 kwa mwezi, maji Jumanne na Ijumaa tu. Jumamosi iliyopita dalali alitupeleka Imara Daima kuona nyumba ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu, milioni 6.5. Jengo jipya, vigae bado vina vumbi la saruji. Nikafungua bomba la jikoni, likakohoa kisha likanyamaza. "Maji yapo, mama, ni pampu tu haijawashwa." Haya. Usiku huohuo saa mbili tulirudi kimyakimya, tukasimama ng'ambo ya barabara tukahesabu taa. Upande ule una nyumba 20. Zenye taa zilikuwa 6, na jengo lilikamilika zaidi ya mwaka mmoja uliopita.

Hesabu zetu: akiba ya Sacco na chama ni milioni 1.5. Benki iko tayari kutukopesha milioni 5 kwa riba ya asilimia 15, miaka 20. Hiyo ni kama 65,800 kwa mwezi, mara mbili ya kodi yetu, na hadi mwisho tutakuwa tumelipa karibu milioni 15.8. Kazini kwa mume wangu wamepunguza watu mara mbili tangu mwaka jana. Mimi ni mwalimu wa shule ya kibinafsi, na mshahara kabla sijauona umeshapitiwa na asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba, 2.75 ya bima ya afya, NSSF na PAYE.

Lakini kila mtu ananiambia hali ikiwa ngumu ndipo nyumba huwa rahisi, kwamba uchumi ukiinuka hatutaigusa tena. Ni kweli?

Mzee wa Buruburu

Binti yangu, nunua. Mwaka 1993 mfumko wa bei ulipita asilimia 40, shilingi ikaporomoka, na wenzangu ofisini wakaniita mwendawazimu nilipochukua nyumba ya jamaa aliyekuwa akirudi kwao Nyeri. Miaka mitano hatukuonja nyama ila Krismasi. (Nimetia chumvi kidogo, mama watoto akisoma hapa atanisuta.) Lakini hebu jiulize, hapo Donholm ulianza kulipa ngapi? Deni langu lilikuwa likipungua uzito kila mshahara ulipopanda. Kodi nayo ilikuwa ikipanda pamoja na mshahara, wakati mwingine ikitangulia.

Njugu Karanga

Aliyesema kupanga ni kuchagua hajawahi kuhama Nairobi mwisho wa mwezi, godoro juu ya pikapu na mvua inanyesha.

Karani wa Hesabu

Mzee, shikamoo, lakini wewe ulinunua kwa mtu aliyekuwa na haraka ya kuondoka. Dada hapa ananunua kwa mjenzi asiye na haraka yoyote. Na hapo ndipo hiyo hadithi ya bei kuanguka inapokwama kwetu.

Marekani mwaka 2008 bei zilianguka kwa sababu mamilioni ya nyumba zilikuwa na mikopo, watu wakashindwa kulipa, benki zikazichukua na kuziuza. Kenya nzima mikopo ya nyumba kutoka benki ni kama 30,000 tu, nchi ya watu zaidi ya milioni 50! Wengine wanajenga kwa pesa za Sacco, za mahindi, za mtoto aliye ng'ambo. Mtu asiyedaiwa na benki hatishwi na uchumi mbaya: anafunga milango, anaweka mlinzi, anangoja. Ndiyo maana unaona taa 6 kati ya 20 na bango bado linasema milioni 6.5. Bei ya bango haishuki, dada. Inayoshuka ni bei ya kwenye simu, na hiyo hutaambiwa mpaka muuzaji aamini una pesa.

Halafu hiyo riba. Benki Kuu ilipandisha riba yake ya msingi hadi asilimia 13 Februari 2024, ikaanza kuishusha Agosti mwaka huohuo, na kufikia mwisho wa 2025 ilikuwa 9. Yako bado ni 15. Riba ikipanda benki hukimbia nayo, ikishuka huchechemea. Kabla ya kutia sahihi popote, uliza benki au Sacco inayokopesha kwa pesa za KMRC, kampuni inayozipa benki na Sacco fedha za mikopo ya nyumba, ile mikopo ya riba chini ya asilimia 10. Milioni 5 hiyohiyo kwa asilimia 9 ni kama 45,000 kwa mwezi. Hizo karibu 21,000 zinazobaki ni karo ya mtoto.

Mkatwaji

Na sisi tunaokatwa hiyo asilimia 1.5 kila mwezi, mwajiri naye akiongeza yake? Kwa nini dada asijiandikishe Boma Yangu, ile tovuti ya nyumba za bei nafuu, angoje za serikali? Mukuru watu wameanza kupewa funguo tangu Mei 2025.

Njugu Karanga

Wanaokatwa ni mamilioni, nyumba ni maelfu. Ngoja, ndugu. Utuandikie ukipata.

Nguzo Nne

Nimesoma nikacheka, ingawa si kwa furaha. Mwaka 2019 nililipa laki nane kwa nyumba ya kwenye ramani, kampuni siitaji. Leo pale kuna nguzo nne na kibanda cha mabati cha mlinzi. Kila nikipita ananipigia saluti kama vile mimi ndiye tajiri wake.

Dada, lako angalau limesimama. Lakini mnabishana riba na hakuna aliyeuliza hati. Waliobomolewa Syokimau Novemba 2011, na wa Mavoko Oktoba 2023, wengi walikuwa na karatasi mkononi. Sheria ya 2020 inataka kila nyumba ndani ya jengo la ghorofa iwe na hati yake. Ukionyeshwa hati moja ya ploti nzima na maneno matamu, shuka ngazi urudi Donholm. Sachi, yaani kukagua hati kwenye rekodi za ardhi, fanya mwenyewe Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa serikali mtandaoni, au wakili uliyemchagua wewe. Usikubali ile dalali anayokuletea imeshachapishwa.

Na hiyo milioni 1.5 umeipigia hesabu mara moja tu. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4, yaani 260,000 kwa nyumba hiyo, bado wakili, bado mthamini. Mnaingia bila hata pesa ya pazia, na mume kazini hajui kesho. Akipunguzwa mwezi wa nne wa mkopo, benki itamngoja?

Mzee wa Buruburu

Hilo la akiba nakubali, kijana. Mimi nilikuwa na ng'ombe watatu kijijini wa kukimbilia, na wawili walikwenda. Lakini nyumba nisingeiacha.

Mpangaji wa Donholm

Asanteni nyote. Mzee, mama watoto salamu zake.

Jana nilimpigia dalali nikataja milioni 5.4. Akacheka, akasema mwenyewe hawezi hata kusikia. Nikauliza hati ya nyumba ile peke yake, akasema "iko kwa mchakato". Saa nne usiku ujumbe ukaingia: "Mama, 5.8 utaweza? Usiambie mtu."

Mume wangu amesema tusijibu mpaka hiyo hati itoke kwenye mchakato. Sacco nimeomba makadirio ya ule mkopo wa KMRC, wamesema nirudi Alhamisi. Kodi ya mwezi huu nimeshalipa.