Re: Wasifu wa mzee wetu wa dukani

Wapendwa, asanteni kwa pole na simu zenu, sikuweza kupokea zote. Baba kaondoka na miaka 91, zaidi ya 60 kaimalizia nyuma ya kaunta, na familia imeniachia mimi wasifu eti ndo nimesoma. Leo siku ya nne nimekwama. Nikiandika "alikuwa mchapakazi" nafuta, maneno hayo anasomewa kila marehemu na baba yangu simwoni humo. Ninachokijua mi ni kwamba saa kumi na mbili asubuhi kashafungua, anafagia mbele ya duka lake kisha la jirani, chenji anaihesabu mara mbili, kwanza kimoyomoyo halafu kwenye kiganja cha mteja, na hata macho yalipoisha bado alikuja kukaa dukani, noti anazitambua kwa kupapasa.

Kaka kanitumia picha za madaftari ya mkopo. Pembeni ya madeni baba kaandika vitu hatukuwahi kuvijua: "mgonjwa", "kaachishwa kazi", "asidaiwe". Nimelia sana. Niyasome siku hiyo? Na lingine, kaka ana ile hati ya uwakilishi ya kuendesha akaunti za baba benki, aendelee tu kuwalipa waliokuwa wanamletea mali?

*

Pole sana mdogo wangu. Naanza na la benki maana halisubiri. Kaka asitoe hata senti kwa hati hiyo, kwa kawaida nguvu yake inakufa na aliyeitoa, na akitoa hela leo hata kwa nia njema kesho wenzenu wanaweza kumshtaki. Asubiri msimamizi wa mirathi athibitishwe. Angalieni pia duka lilisajiliwaje, kama lilikuwa kwa jina la mzee mwenyewe basi mali na madeni yote yanaingia kwenye mirathi, kama ni kampuni yenyewe inaendelea, kinachorithiwa ni hisa zake. Wewe wakikuhitaji usaini kitu huko ng'ambo uliko, uliza kwanza kama nchi zote mbili zimo kwenye mkataba wa The Hague wa 1961 wa kutambuana hati, zikiwemo hati inagongwa apostili basi, yaani cheti cha kuthibitisha sahihi na muhuri wake, hakuna haja ya kuzungushwa ubalozini.

Madaftari sasa. Majina ya wadaiwa usiyasome kabisa, hao watu watakuwa wamekaa pale pale mbele yako. Soma yale maneno ya pembeni peke yake. Na mwambie kaka apige picha kurasa zote mchana karibu na dirisha, azitume kama dokumenti, WhatsApp ikituma kama picha inazipunguza ubora na mwandiko wa penseli unapotea. Halafu wapigie waliofanya naye kazi, sio ndugu tu, uwaombe ruhusa uwarekodi. Baba yangu mimi sikumfanyia hivyo na hadi leo inaniuma.

*

Dada asante, kaka kaelewa, ameiweka hati pembeni. Nimempigia yule mzee aliyekuwa akibeba magunia ya baba. Kumbe miaka yote hiyo baba alikuwa anamlipa kabla hajabeba, akimwambia nenda kale kwanza, mzigo utakusubiri. Mi nimekulia kwenye lile duka na sikuwahi kuliona hilo. Wasifu naanzia hapo, unasomwa ijumaa, nitakuwepo kwa simu.