Nyumbani ni ruta ya laini ya simu: nizifikieje diski zangu nikiwa mkoani?

MpigapichaGoba

Habari za leo wakuu. Napiga picha za harusi, naishi Goba, Dar es Salaam. Kazi zangu zote ziko nyumbani kwenye Synology DS220+ (NAS, yaani kisanduku cha diski kinachofikiwa kwa mtandao) yenye diski mbili za TB 4, moja ikiwa nakala ya mwenzake. Faiba haijafika mtaani kwetu, kwa hiyo natumia ruta ya 4G yenye laini ya kawaida.

Shida inakuja nikitoka. Msimu huu niko sana Tanga na Muheza, leo sendofu, kesho harusi. Wateja wa nyuma wananipigia: "Dada, tutumie zile za kanisani," na picha ziko kabatini Goba.

Nimefungua poti (mlango wa kuingilia kutoka nje) kwenye ruta, nimeweka na jina la DDNS, lile linalofuata anwani ya nyumbani ikibadilika. Nikiwa ndani ya nyumba kila kitu kinafunguka, nikiwa nje hakuna kinachoitika. Ukurasa wa ruta unaonyesha anwani inayoanza na 100.84, lakini tovuti za kuangalia IP zinanipa nyingine kabisa. Nifanyeje? Na nikipata njia, nitaweza kuhariri RAW (picha ghafi za kamera) moja kwa moja kutoka huku? Nyumbani yupo mdogo wangu, anaweza kugusa vifaa nikimwelekeza kwa simu.

kipanga_255

Mkuu, iombe kampuni ya laini yako IP ya umma isiyobadilika. Zipo zinazotoa kwa wateja wa biashara. Ukiipata, fungua 5000 na 5001, umemaliza.

FundiMitandaoMoshi

Dada Goba, hiyo 100.84 imeshakujibu. Anwani kuanzia 100.64.0.0 mpaka 100.127.255.255 zilitengwa mwaka 2012 maalumu kwa watoa huduma kuwapanga wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Ndiyo CGNAT. Mnaishi kama wapangaji wa nyumba moja yenye mlango mmoja wa mbele: mgeni akibisha, hajulikani amekuja kwa nani, basi anarudishwa. Poti umefungua chumbani kwako, wakati mlango wa mbele si wako. Hata ubadilishe ruta, haitasaidia.

Kaka Kipanga, IP ya umma ingefanya kazi, ila sikubaliani na kuweka ukurasa wa diski za mteja wazi mbele ya dunia nzima. Januari 2022 wadukuzi wa DeadBolt walizipitia NAS za QNAP zilizokuwa wazi kwenye intaneti, wakafunga mafaili ya watu na kudai bitcoin 0.03 kwa kila mwenye kifaa. Wenye Synology nao wamewahi kuandamwa kwa mtindo huohuo. Mle ndani kuna ndoa za watu, hazipigwi tena.

Njia ninayowawekea wateja wangu wenye ruta za laini ni Tailscale, programu inayounganisha vifaa vyako kwenye mtandao binafsi. Kwa matumizi binafsi ni bure. Kifaa cha nyumbani ndicho kinachotoka kwenda nje kutafuta wenzake, kwa hiyo CGNAT haikizuii, na poti zote zinabaki zimefungwa. Mwambie mdogo wako aingie Package Center, aweke Tailscale, aingie kwa akaunti yako. Wewe weka programu hiyohiyo kwenye simu na laptopu. NAS itapewa anwani yake, nayo inaanza na 100, ila ni ya mtandao wako wa ndani, usiichanganye na ile ya ruta. Zile poti ulizofungua kwenye ruta zifunge leo.

Kuna kitu kimoja watu hawakiangalii. Ufunguo wa kila kifaa, yaani kibali chake cha kuingia Tailscale, kwa kawaida unaisha baada ya siku 180, na siku hiyo NAS itapotea mtandaoni nawe uko Muheza. Ingia kwenye ukurasa wa usimamizi, chagua NAS, zima muda wa ufunguo kuisha kwa kifaa hicho peke yake. Laptopu na simu ziache zilivyo, maana hizo zinaweza kuibiwa. Na akaunti unayoingilia iwekee uthibitisho wa hatua mbili.

nyali_mombasa

Kuongezea tu: mimi nimekodi seva ndogo yenye IP ya umma, nikaweka WireGuard, programu ya kutengeneza njia binafsi ya mtandao. Nyumbani inaipigia seva, na simu yangu inaipigia seva, tunakutana pale. Usisahau kuweka PersistentKeepalive 25 (kugusa unganisho kila sekunde 25), la sivyo mtandao wa simu unalisahau lile unganisho likikaa kimya. Raha yake humtegemei mtu, ila kila mwezi unalipa na masasisho ni juu yako.

MpigapichaGoba

Ahsanteni sana. Nimejaribu ya Tailscale, mdogo wangu kamaliza kabla chai haijapoa, na sasa hivi naona mafolda yangu yote nikiwa Tanga mjini. Lakini nikifungua RAW moja ya MB 30 nasubiri karibu dakika. Huku simu yangu inashusha vizuri tu.

FundiMitandaoMoshi

Kwanza andika `tailscale status` kwenye dirisha la amri la laptopu. Ukiona "direct", vifaa vinaongea vyenyewe. Ukiona "relay", vinapitia seva ya katikati na kasi inashuka, jambo la kawaida pande zote mbili zikiwa za laini za simu.

Ila hata ikiwa direct, wewe unaposhusha, Goba inapandisha. Kasi inayokuhusu ni ya kupandisha ya ile ruta, na kwenye 4G kupandisha ndiko kudogo. Tuseme ni Mbps 5 (megabiti kwa sekunde, na baiti moja ni biti nane): faili la MB 30 ni sekunde 48. Harusi ya picha 2,000 ni GB 60, zaidi ya saa 26. Na bando unakatwa mara mbili, la nyumbani na la simu.

Kwa hiyo usisafirishe picha, safirisha maagizo. Mteja akitaka za kanisani, usizivute Tanga ndipo umtumie. Weka Cloud Sync, programu ya Synology ya kulinganisha folda na hifadhi ya mtandaoni, kwenye NAS, uiunganishe na folda moja ya Google Drive. Ukiwa huko ingia kwenye NAS, nakili JPEG anazotaka ziingie folda hiyo, ipandishe yenyewe kutoka Goba, wewe mpe mteja kiungo tu. Picha 300 za MB 2 ni kama dakika 16 kwa kasi ileile, na bando lako la Tanga linabaki. Nafasi ya bure ya Drive ni GB 15, ukimaliza na mteja futa.

Kuhariri: kama unatumia Lightroom Classic, tengeneza Smart Previews kabla hujaondoka nyumbani. Ni nakala nyepesi zenye pikseli 2,560 upande mrefu, unazibeba kwenye laptopu. Unahariri popote, ukirudi Goba kazi yote inakaa kwenye RAW zenyewe. Za harusi za nyuma ambazo hukuzitengenezea, vuta zile chache za haraka tu.

kipanga_255

Na umeme? Ukikatika Goba yote haya hayapo.

FundiMitandaoMoshi

Kweli kaka. Kwenye Control Panel, sehemu ya Hardware & Power, washa chaguo la NAS kujiwasha yenyewe umeme ukirudi. Iwekee UPS (betri ya akiba) yenye waya wa USB ili ijizime taratibu betri ikikaribia kuisha, maana kuzimwa ghafla kunaweza kuharibu data. Ruta nyingi za 4G zinatumia volti 12, zipo UPS ndogo za ruta madukani. Hakikisha tu volti na ampea vinalingana na adapta yako.

MpigapichaGoba

Status inasema relay, kwa hiyo nimeacha kuvuta RAW. Cloud Sync nimeiweka mwenyewe kutoka huku. Bi harusi wa Kigamboni anapokea zake muda huu, na bando langu halijaguswa. UPS mdogo wangu anaifuata kesho Kariakoo, nimemwambia apige picha ya adapta ya ruta kwanza.