Homa ya uti wa mgongo ya bakteria kwa watoto: hutokea mara nyingi?

MamaPacha: Wapendwa, mtoto wa jirani, miezi saba, kalazwa na uti wa mgongo wa bakteria. Pacha wangu wana umri huohuo. Wakichemka kidogo tu silali. Kwani unawapata watoto wengi hivyo?

NesiZamu: Pole mama. Homa nyingi za watoto siyo huo, na hata uti wa mgongo wenyewe, wa virusi ndio mwingi zaidi. Ila wa bakteria hauna mzaha: huua takribani mgonjwa 1 kati ya 6, na karibu nusu ya wanaougua ni chini ya miaka 5. Chanjo za Hib na nimokoka, bakteria wawili wanaouleta, zimeupunguza mno. Wamechanjwa?

MamaPacha: Zote, kadi hizi hapa.

NesiZamu: Safi. Usingoje shingo ikakamae, kwa wachanga mara nyingi haikakamai. Mkalishe wima akiwa ametulia, umguse utosi. Ukiwa umevimba, au amegoma kunyonya, amelegea, analia kwa sauti kali hata ukimbeba, hospitali saa hiyohiyo.

BabaJunia: Na kama pacha walicheza na mtoto wa jirani, muulize daktari ni bakteria gani. Ikiwa meningokoka, walio karibu hupewa dawa ya kinga.